Msaka wadaiwa wa kulipia na dawati la bure la haki za wafanyakazi: nimetumia zote mbili kudai mshahara kwa mkandarasi aliyepotea

Kwa wenye haraka: wakala wa kusaka wadaiwa nampa nyota mbili kati ya tano, dawati la bure la msaada wa kisheria kwa wafanyakazi nalipatia nyota nne na nusu. Kama una mshahara umekwama kwa mkandarasi ambaye simu haipatikani, anapoishi hapajulikani na saiti alishahama, soma mpaka chini kabla hujampa mtu yeyote hela ya kukutafutia.

Majina sitaji, ya wakala wala ya mkandarasi, kwa sababu sehemu ya madai bado iko kwenye shauri na sitaki kuliharibu.

Kisa chenyewe ni cha kawaida na ndo maana kinauma. Tulikuwa kikosi cha finishing, plasta, skimu (kulainisha ukuta kabla ya rangi), rangi na tailizi, tumechukuliwa na mkandarasi mdogo ambaye nae alipewa kipande cha kazi na mkandarasi mkuu kwenye jengo la ghorofa. Mwanzo hela ilikuja vizuri kila mwisho wa wiki, alafu ikawa nusu, alafu ikawa "vumilieni wakuu cheti cha malipo hakijasainiwa", alafu ikawa kimya. Asubuhi moja tukakuta stoo yake wazi, mashine ya kukatia tailizi hamna, nyaya hamna, zimebaki ndoo tupu za rangi. Simu haipatikani, picha ya WhatsApp imetoka. Mkataba wa maandishi hatukuwa nao, yalikuwa makubaliano ya mdomo mbele ya nyapara, na vibarua wengi ndo wanavyofanya kazi hivo duniani kote, kwa hiyo asije mtu akasema tulizembea. Aliyekula jasho la watu ni yeye.

Sasa tuingie kwenye huduma.

Ya kwanza, wakala wa kusaka wadaiwa. Hawa unawakuta sana mtandaoni, wanajiita wakusanya madeni, wafuatiliaji, wapelelezi binafsi, majina ni mengi. Wanachotaka ni kianzio, alafu asilimia ya kitakachopatikana, alafu kila hatua ina "gharama za kufuatilia" zake. Nitakuwa mkweli kwa upande wao: simu wanapokea haraka, wanaongea na wewe kwa heshima, na walifanikiwa kupata namba mpya ya jamaa, kitu ambacho sisi tulishindwa. Hizo nyota mbili ni za hapo.

Tatizo ni walichofanya na hiyo namba. Walimpigia wakamtishia, kwamba wanajua anapokaa, kwamba watamfuata na askari, alipe leo. Jamaa akazima na hiyo namba pia. Na kumbe hata pale alipokuwa amepanga ndo akatumia hiyo nafasi kuhama, maana wakala walipokuja kutupa anwani kwa mbwembwe, mwenye nyumba alituambia mpangaji alishaondoka na vitu vyake usiku. Yaani mtu ambaye alikuwa amejisahau kidogo wakawa wamemshtua. Kumtafuta mdaiwa ni kazi ya kimya kimya, unakusanya taarifa zote kwanza, barua rasmi ndo inatangulia, vitisho havina kazi hapo.

Lililoniudhi zaidi ni pendekezo lao la pili. Walitaka picha yake na kitambulisho tuliyokuwa nayo kwenye simu ili waisambaze kwenye magroup na maandishi mekundu TAPELI ANATAFUTWA. Nilikataa na nashukuru nilikataa, kwa sababu kwenye nchi nyingi kumtangaza mtu hivo kabla ya hukumu kunaweza kukuletea kesi ya kashfa, na kusambaza kitambulisho cha mtu ni kosa jingine chini ya sheria za kulinda taarifa binafsi. Fikiria unadai mshahara wako halali alafu wewe ndo unageuka mshitakiwa, na kesi ya fidia ya kashfa inaweza kumeza hata hicho unachodai. Wakala hana cha kupoteza hapo, jina linalochafuka ni lako.

Na kitu kingine ambacho hawakuwahi kuniuliza hata mara moja: huyu mtu ni kampuni au ni jina la biashara au ni mtu binafsi? Jengo ni la nani? Nani alikuwa anamlipa yeye? Wao akili yote iko kwenye kumkamata mtu. Mtu mwenyewe ukimkuta mfukoni hana kitu utamfanya nini.

Basi, ya pili. Dawati la msaada wa kisheria kwa wafanyakazi. Nchi nyingi zina kitu cha namna hii, mahali pengine liko chini ya ofisi ya kazi ya serikali, pengine chama cha wafanyakazi, pengine wanasheria wa kujitolea au chuo kikuu chenye kliniki ya sheria. Letu ni la wasaidizi wa kisheria, na bure ni bure kweli, tulichotoa ni kopi tu za karatasi. Foleni ni ndefu, viti havitoshi, mhudumu mmoja anabeba mafaili ya watu kibao, na ukifika muda wa chakula unasubiri. Nusu nyota niliyokata ni ya hapo, pamoja na barua yetu moja iliyokaa mezani muda mrefu bila kutumwa mpaka tulipokwenda kuulizia.

Lakini mama aliyetuhudumia! Mi nilianza kumsimulia habari za jamaa, anavyopenda magari, anavyobadilisha namba, na wapi aliwahi kuonekana. Akanisikiliza vizuri, alafu akasema, "Mwanangu, huyo muache kwanza. Niambie jengo ni la nani, na siku ya kwanza mnaingia saiti mlisaini wapi?"

Tukaangaliana. Kusaini? Mkataba hatuna. Akasema sio mkataba, getini. Na hapo ndo kila mmoja akaanza kukumbuka. Kila asubuhi mlinzi wa mkandarasi mkuu alikuwa anatuandikisha kwenye daftari la getini, jina, kampuni, saa ya kuingia, sahihi, na jioni saa ya kutoka. Siku ya kwanza tulikalishwa kwenye kile kisemina cha usalama, tukaambiwa habari za helmeti na mikanda ya kupandia jukwaa, tukapitishiwa fomu tukasaini wote na jina la mkandarasi mdogo limeandikwa juu. Fomu hizo ziko kwenye faili la afisa usalama wa mkandarasi mkuu. Yaani ushahidi kwamba tulikuwepo, siku gani, kuanzia saa ngapi, kwa niaba ya nani, ulikuwa umelala kwenye ofisi ya watu wasiohusika na ugomvi wetu na wasio na sababu ya kuufuta. Kama unafanya kazi saiti yoyote kubwa, shika hili: daftari la getini na fomu ya usalama ni mashahidi wako, omba viombwe mapema kwa barua kabla mradi haujafungwa na makaratasi hayajahamishwa.

Alafu akauliza habari ya bango. Lile bango kubwa la mradi linalowekwa mbele ya jengo, tunapita chini yake kila siku hakuna anayelisoma, limeandikwa mwenye mradi ni nani, mkandarasi mkuu, mhandisi mshauri, wakati mwingine mpaka namba ya kibali. Mwenzetu mmoja alikuwa na picha amejipiga selfi siku tunamaliza ghorofa ya juu na nyuma yake bango linaonekana, ukivuta picha unasoma majina yote. Hiyo selfi ndo ikawa kielelezo cha kwanza kwenye faili letu.

Naomba nieleze mantiki yake kwa sababu ndo moyo wa huduma hii na ndo kitu ambacho wakala wa kulipia hakukigusa. Hela kwenye ujenzi inashuka ngazi kwa ngazi: mwenye mradi anamlipa mkandarasi mkuu, mkuu anamlipa mdogo, mdogo anatulipa sisi. Mdogo akipotea, mara nyingi hela yote haijapotea nae, kuna kiasi kimebaki juu. Mikataba ya ujenzi ina utaratibu wa kuzuia sehemu ya kila malipo, wenyewe wanaita ritenshen, kwa kawaida asilimia 5 mpaka 10, nusu inaachiwa kazi ikikamilika na nusu nyingine baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni miezi 6 mpaka 12. Kwa hiyo mtu ambaye hapatikani kwenye simu bado ana hela yake imekaa kwenye vitabu vya mkandarasi mkuu. Na siku moja ataitaka. We ukiwa umeshaweka madai yako pale juu, ama unalipwa kutoka kwenye hiyo hela, ama siku akija kuichukua anakukuta.

Sheria za kumbana wa juu zinatofautiana sana. Ujerumani mkandarasi aliyetoa kazi anawajibika kama mdhamini kwa kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa wakandarasi wadogo walio chini yake. California, kwa mikataba ya ujenzi wa binafsi kuanzia 2018, mkandarasi mkuu anabeba deni la mishahara ambayo mdogo wake hakulipa. Marekani kwenye majengo ya serikali kuu kuna sheria ya zamani, Miller Act ya 1935, inayotaka mkandarasi aweke dhamana ya malipo, na mfanyakazi ambaye hajalipwa kwa siku 90 toka siku yake ya mwisho ya kazi anaweza kuidai ile dhamana, ila asizidishe mwaka mmoja. Shirika la Kazi Duniani nalo lina Mkataba namba 94 wa 1949 unaohusu kazi za zabuni za serikali, unaruhusu mamlaka kuzuia malipo ya mkandarasi ili wafanyakazi wapate mishahara yao. Kwa hiyo swali la kwanza unapofika dawatini ni kama jengo ni la serikali au la mtu binafsi, maana njia zinaachana hapo hapo.

Na pale ambapo sheria haimbani mkuu moja kwa moja, bado kuna mlango. Ukishapata hukumu dhidi ya mdaiwa wako, mahakama nyingi zinaweza kutoa amri ya kuzuia hela yake iliyoko mikononi mwa mtu mwingine, iwe benki, iwe mkandarasi mkuu ambaye bado hajamlipa, na hiyo hela inakuja kwako. Huhitaji kumuona sura yake.

Mi nilikuwa naamini kwamba bila kumpata mtu kesi haiendi. Sio kweli. Tukafundishwa hivi. Kwanza unakwenda kwa msajili wa makampuni, unatafuta jina, na hii mtu yeyote anaweza kufanya, ada yake sio kubwa na sehemu nyingine ni mtandaoni. Unapata jina kamili la kampuni, anwani iliyosajiliwa, majina ya wakurugenzi. Hakikisha herufi kwa herufi, kwa sababu ukidai kampuni yenye jina linalofanana tu unaanza upya. Kama wasajili wanasema ni jina la biashara tu na sio kampuni, basi mmiliki anawajibika yeye mwenyewe na mali zake, na kwa mdai hiyo ni nafuu. Kama ni kampuni, mara nyingi ni kampuni ndo inadaiwa na sio mkurugenzi kwa mali yake, ndo maana ni muhimu kuangalia kampuni ina hela wapi. Nchi nyingi pia zina bodi ya kusajili makandarasi, Tanzania ni CRB, Kenya ni NCA, na mkandarasi anayetaka kuendelea kupata kazi anaiogopa bodi kuliko anavyoogopa simu zako.

Ukishakuwa na anwani iliyosajiliwa, barua ya madai inapelekwa pale pale hata kama ofisi imefungwa, na samansi ya shauri dhidi ya kampuni kwa kawaida inahesabika imefika ikipelekwa kwenye anwani hiyo. Kama ni mtu binafsi na hapatikani, kuna kitu kinaitwa kuita kwa njia mbadala: unaandika kiapo kueleza ulivyomtafuta, umepiga simu zipi, umekwenda wapi, nani alikwambia amehama, na mahakama ikiridhika inaruhusu samansi ibandikwe alipokuwa anaishi mwisho, au itangazwe gazetini, na siku hizi baadhi ya mahakama zinakubali hata barua pepe na WhatsApp. Asipotokea, shauri linasikilizwa upande mmoja. Kwa hiyo zile safari za kumtafuta bila mafanikio usizione zimepotea bure, mwenye nyumba aliyetuambia jamaa kahama usiku aliingia kwenye kiapo chetu na alisaidia.

Kuhusu kukosa mkataba wa maandishi, hili naliandika kwa herufi za moyoni kwa sababu najua watu wengi wanaachia haki yao hapa. Kutokuwa na karatasi hakumaanishi huna madai. Mwajiri ndo mwenye wajibu wa kutunza kumbukumbu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 zote zinasema mwajiri asipoleta maelezo ya maandishi ya ajira kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake yeye. Marekani Mahakama ya Juu iliamua tangu 1946, kwenye kesi ya Mt. Clemens Pottery, kwamba pale mwajiri asipotunza rekodi za masaa, mfanyakazi anaweza kuleta makadirio ya haki ya kazi aliyofanya na mwajiri ndo ayapinge kwa ushahidi. Kwa hiyo kile kidaftari chako ulichokuwa unaandika siku na masaa kwa peni ya wino unaofifia ni kitu kizito. Meseji za nyapara "kesho mje saa moja mpo zamu ya plasta" ni ushahidi. Muamala wa simu wa ile wiki aliyolipa nusu ni ushahidi mkubwa kuliko yote, kwa sababu unaonyesha yeye mwenyewe alikubali kwamba wewe ni mtu wake na kiwango ni kipi. Usifute kitu, usibadilishe simu bila kuhamisha meseji, piga skrinshoti zinazoonyesha namba na tarehe na uzitume kwa mtu mwingine akutunzie.

Mama wa dawati alitutengenezea jedwali la kila mtu, siku alizofanya, kiwango, alicholipwa, kinachobaki, alafu kila mstari ukawekewa kielelezo chake pembeni, daftari la getini ukurasa fulani, meseji ya tarehe fulani. Pale ambapo mtu alikuwa anadai siku ambayo getini hayupo, aliitoa bila huruma. Kuna mwenzetu alinuna. Lakini tulipokuja kukaa mezani na wale wa juu, hiyo karatasi haikupata hata swali moja la maana, kila walichogusa kilikuwa na ukurasa wake.

Sasa mezani kulikuwaje. Barua ya kwanza kwenda kwa mkandarasi mkuu ilijibiwa vile nilivyotegemea, kwamba "hatuwatambui, mkataba wetu ni na kampuni husika". Barua ya pili ilikuwa fupi, imeambatanishwa jedwali, picha ya bango, na ombi la kuhifadhi daftari la getini na fomu za usalama, nakala kwa mwenye mradi na kwa mhandisi mshauri. Hiyo nakala kwa mwenye mradi ndo iliyofungua mlango, mi naamini hivo. Mwenye jengo hataki kusikia kwamba ukuta wake umepigwa plasta na watu ambao hawajalipwa. Tukaitwa kwenye usuluhishi, mhasibu wao akaja na vitabu, na kumbe kweli jamaa alikuwa na hela yake bado iko pale. Makubaliano yakaandikwa: mishahara ya msingi ya kikosi chetu italipwa moja kwa moja kwetu na itakatwa kwenye salio la mkandarasi mdogo. Tukasaini, msuluhishi akagonga muhuri, na hati hiyo ina nguvu ya kukaziwa kama hukumu, wakikiuka hatuanzi upya.

Hela iliingia. Sio kwa siku waliyosema, ilichelewa, lakini iliingia kwa kila mtu kwa jina lake na sio kwa nyapara agawe, na hilo dawati lilisisitiza kwa nguvu.

Overtaimu hatujapata. Mkandarasi mkuu alisema yeye anatambua masaa ya getini kwa siku za kawaida tu, usiku wa kumalizia rangi kabla ya ukaguzi hakuuidhinisha yeye. Hiyo sehemu ndo iko kwenye shauri dhidi ya mdogo mwenyewe, samansi imepita kwa njia mbadala, na inaelekea kusikilizwa upande mmoja.

Jambo la muda, na hapa naomba usome mara mbili. Kila nchi ina ukomo wa kufungua madai na unaanza kuhesabika toka hela ilipotakiwa kulipwa au mgogoro ulipoanza, hausubiri mpaka umpate jamaa. Tanzania kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi madai kama haya ya mshahara ni siku 60, na ya kuachishwa kazi siku 30, ukichelewa unaomba kibali kwa kueleza sababu. Kenya ni miaka 3. Marekani kwa sheria ya serikali kuu ya kima cha chini na overtaimu ni miaka 2, au 3 kama mwajiri alivunja sheria makusudi. Unaona tofauti ilivyo. Mtu anaweza kuzungushwa na wakala miezi minne "tunakaribia kumpata", akija kustuka mlango umeshafungwa. Kwa hiyo fungua madai kwanza, kumtafuta kuendelee shauri likiwa limeshasajiliwa.

Na kabla ya kufungua, jipange wewe ni nani kisheria. Kama ulikuwa unapangiwa saa, unasimamiwa, vifaa ni vyao, wewe ni mfanyakazi na njia yako ni ofisi ya kazi au tume. Kama ulipewa chumba kizima kwa bei ya jumla, umeleta vifaa na watu wako, wanaweza kusema wewe ni mkandarasi na unatakiwa mahakama ya kawaida, au ya madai madogo kama ipo. Mkandarasi mjanja atajaribu kukuita fundi wa kujitegemea ili akutoe kwenye sheria ya kazi, usikubali jina tu, wanaoamua wanaangalia kazi ilivyofanyika.

Polisi? Tulikwenda mwanzoni, wakatuambia ni madai, na kwa sehemu kubwa ndo jibu utakalopata labda kuwe na kughushi au alichukua hela kwa hila toka mwanzo. Wakili binafsi wa kulipwa asilimia anaweza kufaa kama madai ni makubwa na mko wengi, soma tu vizuri asilimia inakatwa kabla au baada ya gharama. Wakala wa kusaka watu namuona anafaa sehemu moja tu, pale ambapo umeshapata hukumu, huna mtu wa juu wa kumbana, na unahitaji kujua mali za mdaiwa ziko wapi. Hata hapo mpe kazi ya kutafuta taarifa tu kwa maandishi, bila ruhusa ya kumpigia mtu simu.

Vitu vya kubeba ukienda dawatini siku ya kwanza, ili usirudishwe kama wengine niliowaona: kitambulisho, namba zote za simu za jamaa hata za zamani, miamala, skrinshoti zimeprintiwa, kidaftari chako, picha yoyote ya saiti yenye bango, majina ya wenzako na waje wenyewe kama wanaweza, maana madai ya kikundi yanasikilizwa kwa uzito na mnagawana kopi. Acha namba ya simu ambayo haitabadilika, na ya ndugu. Marekani idara ya kazi ina mpaka mtandao wa kutafuta wafanyakazi ambao mishahara yao imeshapatikana na wenyewe hawaonekani tena, wamehama. Hapo dawatini kwetu niliona faili la watu waliohamia saiti nyingine wakabadilisha laini, hela yao imekubaliwa na mama anawatafuta. Uende asubuhi kabla hawajafungua, ukishika namba za mwanzo unahudumiwa kabla ya muda wa chakula.